Kinanda cha Kale cha Mabomba: Kukirejesha Maana Yake Nini?

Kanisa likitangaza kwamba kinanda chake cha kale kitafanyiwa matengenezo, wengi hudhani kwamba kazi itakuwa kama ya kutengeneza saa iliyosimama: fundi atafungua, atatafuta kilichoharibika, atakibadilisha, kisha atafunga. Kwa kinanda cha mabomba kilichokaa mahali pamoja kwa miaka mia mbili au mia tatu, mambo ni mazito zaidi. Chombo cha umri huo kimekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja akiongeza, akipunguza na akibadilisha kwa kufuata ladha ya zama zake, hata ndani ya kasha moja mkakaa vinanda vitatu au vinne vilivyopandiana. Kabla ya mtu yeyote kushika bisibisi, wahusika wanapaswa kukubaliana ni kipi kati ya hivyo kinachorejeshwa, na mabishano juu ya swali hilo yanaweza kuchukua miaka.

Ili ugumu huo ueleweke, inafaa kuufuata upepo tangu unapozaliwa hadi unapotoka ukiwa sauti. Wazo lenyewe ni la kale sana: Ktesibio, mhandisi wa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitengeneza kinanda kilichotumia uzito wa maji kusawazisha nguvu ya hewa. Baadaye maji yaliachwa, na mivukuto ikachukua nafasi yake. Mvukuto wa kinanda ni mbao mbili pana zilizounganishwa kwa mikunjo iliyovikwa ngozi. Zamani watu waliikanyaga mivukuto kwa miguu nyuma ya kinanda muda wote wa ibada, na leo feni inayozungushwa na mota ya umeme ndiyo inayoijaza. Mawe au vyuma vilivyowekwa juu yake huikandamiza hewa kwa nguvu isiyobadilika. Nguvu hiyo ni ndogo ajabu. Mafundi huipima kwa milimita za safu ya maji, na katika vinanda vingi vya kale huwa kati ya milimita 60 na 100, upepo ambao hata mtoto anaweza kuupuliza kwa kinywa chake. Kinachohitajika ni wingi wa upepo huo na utulivu wake.

Kutoka kwenye mivukuto upepo hupita katika mifereji ya mbao hadi kwenye sanduku la upepo, na huo ndio moyo wa chombo kizima. Ndani yake sanduku limegawanywa katika vijumba virefu na vyembamba, kimoja kwa kila noti, na kila kijumba kina kilango kilichobandikwa ngozi na kushikiliwa na springi. Mpigaji anapobonyeza kibao cha noti, mfuatano wa fito nyembamba za mbao, wenzo na nyaya hukivuta kilango, upepo ukaingia katika kijumba. Lakini juu ya kila kijumba husimama mabomba mengi, moja kwa kila aina ya sauti, na si yote yanayotakiwa kulia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo chini ya kila safu ya mabomba ya aina moja hupita ubao mwembamba wenye matundu. Mpigaji akivuta kishikio kilicho pembeni mwake, ubao huo huteleza, matundu yake yakalingana na miguu ya mabomba, na safu ile ikawa tayari. Katika mfumo huu hakuna kilichosimama kati ya kidole na kilango isipokuwa mbao na waya, ndiyo maana wapigaji husema kwamba wanauhisi upepo unapofunguka.

Mabomba yenyewe ni ya namna mbili. Mengi hufanya kazi kama filimbi: upepo hutoka katika ufa mwembamba, ukaupiga mdomo wa juu wa bomba, na hewa iliyomo ndani ikatikisika. Mengine yana ulimi wa shaba unaotetema, kwa mfano wa zumari. Bomba la futi 32 lina urefu wa karibu mita 10 na mlio ambao mwili huutambua kabla ya sikio. Lile dogo kabisa lina sehemu ya kulia isiyozidi urefu wa ukucha. Baadhi ni ya mbao, lakini mengi ni ya mchanganyiko wa bati na risasi, madini laini ambayo fundi huyakata kwa kisu na kuyakunja kwa mkono. Ulaini huo ni wa kukumbukwa, kwa kuwa unaeleza nusu ya masaibu yaliyovipata vinanda vya kale.

Katika chombo hiki, kinachochakaa mapema zaidi ni ngozi. Ngozi ya kondoo iliyobandikwa kwenye mikunjo na vilango hudumu kwa miongo kadhaa, kisha hukauka, hupasuka kwenye mikunjo na mwishowe huwa unga mwekundu unaobaki kwenye vidole vya anayeigusa; moshi wa makaa ya mawe na wa taa za gesi katika miji ya karne ya 19 uliharakisha uharibifu huo. Hili si balaa. Ngozi ilibandikwa kwa gundi ya wanyama, ambayo hulainika kwa maji ya moto, na tangu mwanzo mafundi walijua kwamba siku moja itabanduliwa. Mrejeshaji makini hutumia gundi ileile hata leo, ingawa zipo gundi za kisasa zenye nguvu zaidi, kwa sababu gundi isiyobanduka humlazimisha fundi wa baadaye kuvunja ubao ili kuondoa ngozi.

Baada ya ngozi hufuata mbao. Sanduku la upepo lilijengwa likae katika hewa yenye unyevu wa wastani, na kwa karne nyingi makanisa yalikuwa ya baridi na unyevunyevu. Ilipoanza desturi ya kuyapasha joto, hewa ya majira ya baridi ikawa kavu kupita kiasi, mbao zikanywea na kupasuka. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kuuvusha upepo kutoka kijumba kimoja hadi kingine, na noti jirani ikasikika ikinung'unika bila kuitwa. Kilango kikipinda au chembe ya uchafu ikinasa chini yake, noti hulia mfululizo bila kuguswa, jambo ambalo limewahi kukatiza ibada nyingi. Wadudu watoboao mbao, panya wanaotafuna ngozi na nondo wanaokula vitambaa hukamilisha kazi iliyobaki.

Uharibifu unaotisha zaidi, hata hivyo, ni ule unaotokea ndani ya mabomba ya risasi. Mbao za mwaloni, ambazo Ulaya zilipendwa kwa masanduku ya upepo kutokana na uimara wake, hutoa polepole mvuke wa asidi ileile iliyomo katika siki. Risasi isiyo na bati la kutosha huliwa na mvuke huo ikageuka kuwa unga mweupe, na ulaji huanzia ndani ya mguu wa bomba, mahali ambapo mvuke hukaa na jicho halifiki. Mwanzoni mwa karne ya 21 hali hiyo ilionekana kwenye mabomba ya kale ya kinanda cha fundi Stellwagen katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Lübeck, Ujerumani, na wanasayansi wa nchi kadhaa za Ulaya wakashirikiana na mafundi kuchunguza chanzo chake. Funzo lilikuwa chungu kwa wenye kazi hii: mbao mpya za mwaloni zinazoingizwa wakati wa matengenezo, pamoja na baadhi ya gundi za kisasa, zinaweza kuongeza mvuke huo, hivyo ukarabati ukawa chanzo cha ugonjwa mpya.

Pamoja na hayo yote, ukiwauliza wanaovifahamu vinanda hivi watakuambia kwamba binadamu ameviharibu kuliko wadudu na asidi kwa pamoja, na mara nyingi kwa nia njema. Katika karne ya 19 ladha ya muziki ilielekea kwenye sauti pana na laini inayofanana na okestra. Mwaka 1841 mjenzi wa vinanda Aristide Cavaillé-Coll alimaliza kinanda cha kanisa la Saint-Denis karibu na Paris akitumia kifaa kilichobuniwa na Charles Barker, ambacho huufanya upepo wenyewe umsaidie mpigaji kusukuma vibao vizito. Tangu hapo vinanda viliweza kuwa vikubwa na vyenye nguvu bila kumchosha mtu. Baadaye ulikuja umeme, ukaondoa kabisa fito kati ya kidole na kilango. Kinanda kipya kilichojengwa kwa njia hizo kinaweza kuwa kazi bora. Tatizo lilivipata vile vya zamani vilivyolazimishwa kufuata: upepo wake uliongezwa nguvu, mabomba makali ya sauti za juu yakaondolewa, na yaliyobaki yakachongwa midomo ili yalie kwa namna mpya.

Kisha upepo wa ladha ukageuka. Mwaka 1906 Albert Schweitzer, ambaye baadaye alikwenda Gabon kuwa daktari, alichapisha andiko la kuwashutumu wajenzi wa wakati wake kwa kutoa vinanda vyenye kelele na visivyo na uwazi. Kutoka katika fikra za aina hiyo likakua, hasa Ujerumani kuanzia miaka ya 1920, vuguvugu la kurudi kwenye vinanda vya karne ya 17 na ya 18. Vuguvugu hilo liliokoa vyombo vingi vya thamani, na hilo lisisahauliwe. Lakini wafuasi wake nao walivishika vinanda vizuri vya karne ya 19, wakavipunguzia upepo, wakakata mabomba yake marefu kuyafanya mafupi na kuviita vimetakaswa. Leo mafundi wanatumia muda na fedha nyingi kufuta kazi ya watu hao, waliokuwa na yakini kwamba wanafuta makosa ya waliowatangulia. Mimi husoma historia hiyo kama onyo kwa kizazi chetu, ambacho nacho kina yakini yake.

Kiwango cha sauti nacho kimeacha makovu. Makubaliano ya kimataifa ya kuiweka noti ya A kwenye mitetemo 440 kwa sekunde yalifikiwa katika mkutano wa mwaka 1939 tu. Kabla ya hapo kila eneo lilikuwa na kiwango chake, na vinanda vingi vya kaskazini mwa Ujerumani vililia juu zaidi ilhali vya Ufaransa vililia chini zaidi. Kila kiwango kilipobadilika, mafundi walikata ncha za mabomba ili kupandisha sauti, au waliyasogeza nafasi moja pembeni na kuongeza bomba jipya mwishoni. Bomba lililokatwa ncha linaweza kurefushwa kwa kulehemu pete ya madini yanayofanana na yale ya awali, na kwa bahati nzuri fundi wa kwanza mara nyingi alichora kwa ncha kali jina la noti kwenye kila bomba, hivyo mwenye subira anaweza kuyarudisha katika mpangilio wake wa mwanzo. Mdomo ni jambo jingine. Kimo cha mdomo ndicho kinachoamua kama bomba litaongea kwa ukali au kwa upole, na mdomo ukishakatwa juu zaidi, maji yamemwagika. Unaweza kulehemu kipande kipya, lakini kimo alichokichagua fundi wa kwanza utakikisia tu. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo mipaka ya kazi nzima. Mivukuto, vilango, fito, hata sanduku la upepo, vyote vinaweza kujengwa upya kwa kuaminika, kwa kuwa vipimo vyake husomeka katika mabaki. Midomo ya mabomba ndiyo kumbukumbu pekee ya sauti, na ikipotea hakuna pengine pa kuisoma.

Kutokana na hali hizo wataalamu hutofautisha kazi ambazo lugha ya kawaida huzichanganya. Kuhifadhi ni kuzuia uharibifu usiendelee, bila kubadilisha chochote. Kurejesha ni kukirudisha chombo katika hali fulani ya zamani inayothibitika kwa ushahidi. Kujenga upya ni kutumia sehemu za zamani ndani ya chombo ambacho kimsingi ni kipya, chenye mitambo mipya na pengine sauti za ziada. Hakuna aibu katika hilo la tatu, mradi lisiitwe la pili. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ulioandikwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kihistoria, hutumiwa pia na watu wa vinanda, nao unasema mambo mawili yanayovutana: kazi ya kurejesha ikome pale dhana inapoanza, na michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe. Hebu fikiria kinanda cha mwaka 1720 kilichoongezewa mwaka 1860 safu kumi nzuri za mabomba. Kuzing'oa ni kufuta historia ya kweli ya miaka zaidi ya 150. Kuziacha ni kukubali kwamba sauti ya 1720 haitasikika tena, kwa kuwa safu hizo zinahitaji upepo na nafasi ambavyo fundi wa kwanza hakuvipanga. Shule moja hujibu kwamba kinanda kirudi kwenye hali yake ya mwisho iliyokuwa na umoja, yaani wakati wa mwisho ambapo sehemu zake zote zilifanya kazi pamoja kwa mantiki moja. Naona hilo ndilo jibu lenye busara zaidi, ingawa huwasikitisha wale wanaotamani tarehe ya kale kabisa.

Mfano mashuhuri ni kinanda ambacho fundi Arp Schnitger alikimaliza mwaka 1693 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Hamburg, chenye safu 60 za sauti na takriban mabomba 4,000. Schnitger mwenyewe hakuanza na ukurasa mtupu, kwani alitumia tena mabomba ya mafundi waliomtangulia. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mabomba ya mbele yalichukuliwa kwa sababu ya bati lake. Katika vita vilivyofuata mabomba yaliyobaki na masanduku ya upepo yalifunguliwa na kufichwa, na tahadhari hiyo ikawa ya kuokoa maisha, kwa kuwa kanisa liliteketea mwaka 1944 pamoja na kasha. Fundi Jürgen Ahrend alipofanya kazi yake iliyokamilika mwaka 1993, alitengeneza upya kasha, mivukuto na mabomba ya mbele, akayazungushia yale ya kale. Kiwango cha sauti kilibaki kile cha juu, karibu toni nzima zaidi ya cha leo, jambo linalowasumbua wanaotaka kukipiga pamoja na vyombo vya kisasa. Waliosimamia kazi hiyo walikubali usumbufu huo ili mabomba yasikatwe.

Kazi ya mikono huanza kwa karatasi. Kila kitu hupigwa picha, hupimwa na huandikwa kabla ya kuondolewa: kipenyo cha kila bomba, unene wa madini, kimo cha mdomo, upana wa tundu la mguu, nguvu ya upepo kama ilivyokutwa. Halafu mabomba hushushwa moja moja, makubwa yakibebwa na watu kadhaa kwa kuwa risasi nzito huinama kwa uzito wake yenyewe, na huwekwa kwenye trei kwa mpangilio usiovurugwa. Kusafisha nako kuna mashaka yake, kwa maana vumbi la vinanda vya kale mara nyingi lina risasi na huhitaji barakoa. Kinanda kikubwa cha kanisa la Notre-Dame mjini Paris, chenye takriban mabomba 8,000, hakikuungua katika moto wa tarehe 15 Aprili 2019, lakini vumbi la risasi lililotoka kwenye paa lilikifunika. Ikabidi kivunjwe mwaka 2020, kisafishwe katika karakana, kirudishwe mahali pake, kisha kipatanishwe sauti kwa miezi mingi usiku, kukiwa kimya, hadi kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024.

Madini mapya yanayohitajika nayo yamekuwa somo. Kwa muda mrefu wajenzi wa kisasa walitumia madini safi yaliyolainishwa kwa mashine, wakashangaa kwa nini bomba lenye vipimo vilevile halitoi sauti ileile. Watafiti na mafundi wa Göteborg, Uswidi, waliojenga kinanda kipya kwa mtindo wa Schnitger katika kanisa la Örgryte Nya, kilichozinduliwa mwaka 2000, walirudi kwenye njia ya kumwaga madini ya moto juu ya kitanda cha mchanga, na wakazingatia hata kiasi kidogo cha madini mengine kilichokuwamo katika risasi ya zamani. Maarifa hayo sasa hutumika pale bomba la kale lililopotea linapohitaji ndugu wa kusimama mahali pake.

Kinachofuata ni kuyasemesha mabomba, kazi ambayo haiandikiki kwa vipimo pekee. Fundi husimama ndani ya kinanda, mwenzake akibonyeza noti, naye hupanua au kubana ufa wa upepo kwa sehemu ya milimita, hugusa ulimi wa shaba ulionyooka mno, husikiliza, hugusa tena. Katika chombo cha kale kanuni yake kuu ni kujizuia: asilifanye bomba liseme anachokipenda yeye, bali aondoe kinacholizuia kusema lilivyokuwa. Upatanisho wa sauti huja mwisho, na huo hutegemea hata joto la siku. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda huisogeza A ya 440 juu kwa karibu 0.8 ya mtetemo, wakati mabomba ya ulimi hubaki karibu palepale; ndiyo maana kinanda kilichopatanishwa asubuhi ya baridi husikika kimegombana nafsini mwake jioni kanisa likishajaa watu.

Mwaka wa kwanza ngozi mpya hulala, mbao hutafuta kimo chake, na mafundi hurudi mara kwa mara kurekebisha. Sehemu mpya hutiwa alama ili asije mtu baadaye akazidhania za zamani, na ripoti huachwa kanisani. Vipande vya kale vilivyoondolewa havitupwi, hata kile kijiti kilichookotwa chini ya mivukuto ambacho hakuna aliyetambua kilitoka wapi. Hufungwa, huandikwa mahali kilipokutwa, na huwekwa ndani ya kasha, nyuma ya mabomba makubwa, kikimsubiri fundi mwingine.